Mwisho Haulali Nje

Meza yangu ya cherehani imepakana na kibanda cha vitabu cha Gundi. Katikati yetu kuna ukuta wa bati tu, akipiga chafya kule, mimi huku namwambia afya. Watu hudhani muuza vitabu ni mtu wa kimya. Waje wamsikie huyu akibishana na wateja, watajua soko la samaki lina adabu.

Kusema kweli Gundi hauzi, anaazimisha. Na zamani walimliza. Mtu anabeba riwaya, anaahidi kurudi Jumamosi, kumbe Ijumaa kahama mtaa. Rafu zikabaki mbao tupu. Ndipo alipochukua wembe akakata sura ya mwisho ya kila riwaya yenye fumbo, zile za enzi za wafalme ambamo mtu ameuawa na aliyemuua hajulikani. Kila mwisho akautia kwenye bahasha, akaandika jina la kitabu juu yake, bahasha zote akazipanga ndani ya mkebe wa biskuti. Ukitaka kujua nani kaua, rudisha kitabu, kaa kwenye benchi, usome mbele ya macho yake.

"Mwisho haulali nje," ndiyo sheria yake. Hata mjumbe wa mtaa aliwahi kuomba apewe kwa saa moja tu. Aliambiwa benchi lile pale.

Sasa wewe jiulize, ukiwakalisha watu wenye hamu benchi moja, watanyamaza? Anayefika sura ya mwisho anaambiwa asome kwa sauti, asiwe mchoyo. Wapita njia wanasimama. Mimi naacha suruali ya mtu nusu, najivuta karibu. Mpaka jioni pamejaa kama harusini, na nusu ya waliojaa hata kitabu chenyewe hawakukisoma.

Kila mtu alikuwa na mtunzi wake, na hakuna aliyemwita kwa jina lililo kwenye jalada. Gundi alikuwa wa Yule wa Majoho, anayeandika vita na viti vya enzi, vitabu vinene vya kuweza kuzuia mlango. Fundi saa wa ng'ambo ya barabara alimpenda Bwana Tauni, ambaye hakuna kitabu chake kinachoisha bila mji mzima kufa. Mimi nilikuwa na wangu, Mama Vazi, kwa sababu ya nguo. Ila naye alinikera siku alipomvalisha malkia gauni lenye zipu, karne ambayo hata mama wa zipu hajazaliwa. Nilifunga kitabu siku tatu kwa hasira.

Na Mpelelezi alikuwa wa Yule wa Taa.

Mpelelezi tulimbandika jina hilo sisi wa benchi. Alikuwa mama mjane, mpiga chapa mstaafu wa mahakamani, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi wangu wa cherehani. Miaka yote alikuwa amepiga chapa kesi za watu wa kweli, na alisema katika kesi za kweli mwisho wake huwa haueleweki, ndiyo maana akampenda Yule wa Taa. Katika vitabu hivyo kuna mzee mwasha taa wa kasri, mguu mmoja mbovu. Kila magharibi anaingia kila chumba kuwasha taa na hakuna anayemtazama. Kwa kuwa hakuna anayemtazama, yeye anaona yote.

"Ananikumbusha mimi," alikuwa akisema Mpelelezi. "Mawakili walikuwa wananong'ona mbele yangu kana kwamba mimi na mashine ni kitu kimoja."

Alikuwa na lawama moja tu kwa mtunzi wake. "Kwa nini kila mwisho huyu mzee anaondoka peke yake? Anatatua fumbo, anabeba ngazi yake, anaishia gizani. Hata kikombe cha chai hapewi!"

"Ndiyo maana nakuambia njoo kwa Yule wa Majoho," Gundi anadakia. "Kwake watu wanakula karamu."

"Wanakula karamu, halafu wanachinjana. Nitashibaje?"

Wakianza hivyo, fundi saa alikuwa akituonyesha kwa kidole chini kwa chini, mmoja huyu mwingine yule, halafu anaviunganisha vidole viwili. Gundi naye alishafiwa na mkewe. Mtaa mzima tulishawaozesha mdomoni, tulikuwa tunasubiri wao tu wapate habari.

Mpelelezi alikuwa hajawahi kukosea. Ndiyo, kila mtu hudai alijua nani kaua baada ya kuambiwa, kwa hiyo benchi liliweka utaratibu: kabla bahasha haijafunguliwa, unamnong'oneza mtu mmoja jina la muuaji wako. Huyo anaitwa Sikio. Mwisho ukishasomwa, Sikio anasimama na kusema alichoambiwa. Mpelelezi Sikio lake lilikuwa mimi. Mimi, ambaye kwangu siri hailali hata usiku mmoja! Lakini lile nililonong'onezwa na Mpelelezi lilikaa. Hata Gundi alishangaa.

Mwaka ule mvua ilinyesha kwa kisasi. Asubuhi moja tulifika, bati la kibanda limefunuka pembeni na mkebe umejaa maji. Gundi alisimama akiutazama kama mtu aliyekuta watoto wake mtoni. Basi tukavamia sote. Nikawasha pasi zangu mbili za mkaa, fundi saa akawa anabandua karatasi kwa vile vibanio vyake vya kunyofolea vijigurudumu vya saa, Mpelelezi anazipokea na kuzitandaza kwenye benchi. Tulizipiga pasi sura za mwisho mchana kutwa, na hakuna aliyekubali kupiga pasi bila kuchungulia. "Ooh! Kumbe mpishi!" "Funga mdomo, mimi hicho sijakisoma!" Sijacheka hivyo tena tangu siku ile.

Wino wa majina juu ya bahasha ulikuwa umeyeyuka. Zilizokauka tukazirudisha kwenye bahasha mpya kwa kukisia, ukiangalia namba ya ukurasa na sura ya herufi. Gundi akazikagua moja moja. Akasema zote sawa.

Baada ya mvua zile Mpelelezi akaanza kukohoa.

Mwanzoni alikuwa akija na shuka begani. Halafu akawa anakuja siku anakosa siku. Halafu mkwe wake, mke wa mwanawe, akawa ndiye anayekuja kuazima kwa niaba yake. Mara ya mwisho alichukua kitabu kipya kabisa kwetu cha Yule wa Taa, nakala pekee, ambayo Gundi aliipata mbali kabla ya zile mvua na kuikata mwenyewe kabla hata hatujaliona jalada. Mwandishi wa kasri kakutwa kafa juu ya meza yake, wino umemwagika, kalamu iko mkono asioandikia. Mpishi, mjane wa marehemu, mlinzi wa lango na daktari wa mfalme, wote walikuwa ndani. Mkwe alitusimulia hayo akiwa amesimama, maana mama mkwe wake alikuwa akimsimulia kila ukurasa.

"Anasoma kidogo kidogo," alisema. "Anasema anakila kama dawa."

Jumatatu moja yule mkwe alikuja mikono mitupu. Hakukaa.

"Mzee Gundi, shikamoo. Mama amefika palipokatwa. Anaomba mwisho."

"Marahaba mwanangu. Kitabu kiko wapi?"

"Kipo kifuani kwake. Hatoki tena kitandani, mzee. Daktari jana alipotoka alinivuta pembeni."

 Gundi alichukua kitambaa akafuta rafu ambayo haikuwa na vumbi. Fundi saa, ambaye hawezi kuona kidonda asikitie kidole, akasema, "Haya, mwenye sheria. Mwisho haulali nje."

"Hautalala," Gundi alisema. "Utakwenda na kurudi."

Alichagua bahasha, akaitia ndani ya shati, akashusha ubao wa kibanda. Mchana kweupe! Kibanda kile hakikufungwa hata siku aliyofiwa na mkewe, maana siku ile alimwacha shemeji yake akikishika. Tukafuatana nyuma yake, mimi, fundi saa na wawili watatu wa benchi, na mjini mtu akiona watu wanafuatana naye hufuata, kwa hiyo mpaka tunafika mlangoni tulikuwa kundi. Mkwe akatutazama, akaanza kutafuta viti kwa majirani.

Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja, harufu ya dawa ya kuchua. Mpelelezi alikuwa amebaki macho na miwani. Alipotuona tunajipanga ukutani alisema, "Mmekuja kuzika kabla ya saa? Kaeni."

"Nimekuletea wako," Gundi alisema. "Wangu ungekuua kwa uzito."

"Wako ungeniua kwa usingizi." Akakohoa mpaka mkwe akamwinua mabega. Kisha akanipa ishara. "Shoga, sogea. Sikio."

Nikainama. Pumzi yake ilikuwa ya moto na nyepesi. Alininong'oneza maneno yake, nikacheka bila kutaka, nikakaa ukingoni mwa kitanda, kati yake na kiti cha Gundi.

Gundi akafungua bahasha, akatoa karatasi zilizojikunja kwa pasi yangu, akasafisha koo. Alisoma sentensi ya kwanza, kwamba mwasha taa aliingia akiwa amechelewa. Akasoma ya pili. Akakoma.

"Maji kidogo," alisema.

Mkwe akaleta maji. Gundi akanywa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena karatasi. Mimi nilikuwa begani kwake. Si msomi, lakini neno kisima nalijua. Na nilikijua kile kisima, maana nilikipiga pasi mimi mwenyewe: ni mwisho wa kitabu kingine cha Yule wa Taa, kile cha mfanyabiashara aliyetupwa kisimani. Herufi zile zile, namba ya ukurasa ile ile. Tulizibadilisha siku ya mvua.

Angeweza kurudi kibandani. Lakini nilimwona akimtazama Mpelelezi, nami nikamtazama, na sote wawili tuliona kwamba akienda, akirudi atamkuta mkwe tu.

Gundi akaendelea kusoma. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya kisima, na mdomo wake ukawa unasema mambo ya mwandishi wa kasri. Mtu aliyeapa kwamba riwaya za mafumbo ni za wavivu wa kusoma vita! Alimpandisha mwasha taa ngazini, akamwonyesha tone la wino kwenye ufunguo wa lango. Alipokwama alifungua ukurasa. Alipopata neno alilisema taratibu, kama analisoma. Jasho lilimtiririka kwenye masikio. Muuaji akamfanya mlinzi wa lango. Mlinzi akalia, akakiri, mfalme akasema yake. Nilijua sasa mzee atabeba ngazi aende gizani, maana ndivyo Yule wa Taa anavyomaliza siku zote.

Gundi akafungua ukurasa wa mwisho. 

"Mwasha taa akatoka nje," alisoma. "Na nje ya lango palikuwa na benchi. Na kwenye benchi walikuwapo watu waliokuwa wakimsubiri tangu magharibi. Wakasogea, wakampa nafasi. Akaweka ngazi chini. Akapewa chai."

Akakunja karatasi haraka, akazitia ndani ya shati.

 Halafu fundi saa, kwa mazoea, akasema, "Haya, Sikio! Simama. Alisema nani?"

Watu wote wakanigeukia. Mpelelezi naye akanigeuzia uso. Rekodi yake yote ilikuwa mdomoni mwangu, na pale hapakuwa na muda wa kupima. Nikasimama.

"Mlinzi wa lango," nikasema.

Chumba kikalipuka! Watu wakapiga makofi, mwingine akapiga kigelegele, mkwe akawa anacheka na kulia. "Hajakosea! Hajawahi!" Gundi alikuwa kama mtu aliyeangukiwa na bahati asiyoiomba. Mpelelezi yeye alinitazama mimi, kwa muda, kisha akamtazama Gundi.

"Kumbe hata enzi hizo kulikuwa na benchi," alisema.

"Kulikuwa," Gundi akajibu, akitazama sakafu.

"Huyu mtunzi leo kaandika vizuri kuliko siku zake zote. Mwambieni."

Akafumba macho, kitabu kifuani. Tulitoka kwa ncha za vidole. Alfajiri ya Jumatano mkwe alituma mtu, na hatukuhitaji kuuliza ametumwa kusema nini.

Tulimzika, tukakaa na wafiwa, tukarudi kazini. Benchi likawa pana. Kuna nafasi ambayo watu waliikwepa bila kuambiana. Hata mgeni akitaka kukaa pale, fundi saa anasema bawaba imelegea, na benchi halina bawaba. Gundi hakubishana na mtu. Unaweza kumtukana Yule wa Majoho mbele yake, akakuitikia.

Kitu kimoja tu kilimtuliza, na alikirudia kwangu kupitia bati, asubuhi na jioni. "Jirani, angalau alipatia. Sikujua kasema nani, nikachagua mlinzi kwa kubahatisha tu, kumbe na yeye ni mlinzi. Mungu ana namna." Nami naitikia, "Ana namna," huku nakanyaga cherehani isiyo na uzi.

Kisha mteja mmoja akarudisha kile kitabu cha kisima. Akakaa benchi, akaomba mwisho wake. Gundi akampa bahasha kwa mazoea, yule mtu akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida, na neno la kwanza lilikuwa la mwandishi wa kasri.

Gundi akaruka kutoka kitini, akamnyang'anya. "Subiri. Subiri, ndugu yangu." Akanipitishia mimi juu ya kaunta. "Jirani, soma wewe."

Nikasoma. Ninasoma polepole, kidole chini ya mstari, na watu wakajaa kama zamani. Mwasha taa hakuona wino wowote kwenye ufunguo. Aliona kikombe cha dawa. Muuaji alikuwa daktari wa mfalme. Na mzee akabeba ngazi yake, akaondoka gizani peke yake.

Benchi likaguna. Fundi saa akapiga paja. "Loo! Kumbe Mpelelezi alikosea! Alisema mlinzi! Kwa hiyo Gundi ulitudanganya siku ile?"

"Niliwadanganya," Gundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. "Bahasha ilikuwa si yenyewe. Nikatunga. Lakini mnaona? Ningekuwa na huu wa kweli, angekufa amekosea. Uongo wangu umemsitiri."

"Mpelelezi wa watu!" mwingine akacheka. "Kumbe naye wa kubahatisha kama sisi."

Wakacheka, kicheko cha upendo, najua. Marehemu husemwa hivyo na watu wake. Lakini nilimwona pale kitandani, macho na miwani, nikaona wanavyomvua kitu ambacho alikivaa maisha yake yote, na mimi ndiye niliyefungua kifungo.

"Hakusema mlinzi," nikasema.

"Nini?"

"Niliona karatasi ya kisima, Gundi. Nilikuwa begani kwako. Ulipomtaja mlinzi nikasema mlinzi. Yeye alisema daktari."

 Tabasamu la Gundi lilibaki usoni kwa muda kabla halijajua kwamba mwenyewe ameshaondoka. Aliketi juu ya mkebe wa biskuti, bati likalia chini yake.

"Kwa hiyo alipatia," alisema. "Na mimi nikamsomea kwamba amekosea."

"Ulimsomea, na alijua. Vitabu vyote vya Yule wa Taa kavisoma, Gundi. Umewahi kuona ndani yake benchi? Umewahi kuona chai? Alijua wewe unadanganya, akajua na mimi nadanganya, akatuacha tumalize."

Fundi saa alivua kile kioo chake cha jichoni akakishika mkononi. Hakuwa na mzaha wowote.

Gundi alikaa vile mpaka watu wakaanza kutawanyika kwa aibu, mmoja mmoja. Mkwe alikuwa ameshakirudisha kitabu cha Mpelelezi siku ya tatu ya msiba, na kilikuwa kimelazwa peke yake kwenye rafu ya juu. Akakishusha. Akachukua kopo lake la gundi, akapaka mgongo wa kitabu, akaipokea sura ya daktari kutoka kwangu na kuibandika mahali ilipokatwa. Alisawazisha kingo kwa kidole gumba. Halafu akatoa ndani ya shati zile karatasi za kisima alizokuwa bado anatembea nazo, akazitazama, akampa yule mteja aliyekuwa bado anasubiri. Mteja akazipokea kwa mikono miwili, akasoma kimya kimya.

"Jirani," Gundi akaniita.

"Naam."

"Alisemaje? Siyo jina tu. Alivyosema yeye, pale ulipocheka."

Nikainuka kwenye cherehani, nikazunguka bati, nikaenda upande wake. Nikainama sikioni mwake kama alivyonifanyia Mpelelezi, nikamnong'oneza:

"Daktari. Anakuja kila siku, anasifiwa, na mgonjwa haponi. Mimi huyu namjua, shoga, yupo hata kwangu."

Gundi akacheka. Kilimtoka kicheko kikubwa, cha zamani, mpaka fundi saa ng'ambo akainua kichwa. Kisha akafunika uso kwa kile kitabu, gundi ikiwa mbichi, na kicheko kikageuka kilio chini yake.